Kutoka Njaa hadi Giza: Kinamasi cha Rugezi katika Historia ya Rwanda ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya Rwanda ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa kutazama mahali pamoja, yaani kinamasi cha Rugezi kilichoko Jimbo la Kaskazini. Inadai kwamba mkakati wa taifa uliotolewa mwaka 2011 ulikuwa na mizizi katika upungufu wa umeme ulioikumba nchi kati ya 2003 na 2005, na kwamba upungufu huo nao ulichangiwa na njia ya zamani ya kupambana na ukame: kulima vinamasi. Kwa hiyo kulinda kinamasi kulikuwa ni kuondoa kinga moja ili kuweka nyingine, na gharama ya mabadilishano hayo ilimwangukia mkulima wa bondeni. Sehemu ya mwisho inachunguza msamiati ambao sera hii imetumia kumfikia mkulima huyo kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili.

Utangulizi

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 13,246,394. Hiyo ni sawa na watu wapatao 503 kwa kila kilomita ya mraba, wengi wao wakiishi kwa kulima miteremko ya vilima. Nchi hii haina pwani wala viwanda vingi, na mchango wake katika hewa ukaa ya dunia ni mdogo mno. Hata hivyo, imetajwa mara kwa mara katika majukwaa ya kimataifa kuwa mfano wa nchi ndogo iliyochukua hatua mapema. Masimulizi yanayotolewa katika majukwaa hayo huanza Oktoba 2011, serikali ilipotoa mkakati wa ukuaji wa kijani na ustahimilivu wa tabianchi. Kisha hutajwa mfuko wa FONERWA ulioanza mwaka uliofuata, halafu Marekebisho ya Kigali ya tarehe 15 Oktoba 2016, ambamo mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika katika majokofu na viyoyozi.

Masimulizi hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanaanzia kwenye hati. Mwanahistoria anayeanzia kwenye hati atahitimisha kwamba sera ilizaliwa na hati nyingine zilizoitangulia: mikataba, warsha na taarifa za wataalamu. Lakini miaka sita kabla ya mkakati huo serikali ya Rwanda ilikwisha kuchukua hatua nzito kuliko nyingi zilizofuata. Ilisimamisha kilimo katika kinamasi kikubwa cha kaskazini, ikaamuru ukanda wa majani na miti uwekwe kukizunguka, na ikakiacha maji yakirudie. Hatua hiyo haikuitwa hatua ya tabianchi wakati huo. Ilichukuliwa kwa sababu taa zilikuwa zikizimika Kigali.

Majina ya njaa

Ili kuelewa kilichotokea Rugezi ni lazima kurudi nyuma zaidi. Historia ya tabianchi ya Rwanda iliandikwa kwanza katika majina ya njaa, kabla ya vipimo vya mvua kuenea. Wanyarwanda walizipa njaa kubwa majina, na majina hayo yakawa kalenda: Rumanura wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rwakayihura ya 1928 hadi 1929, na Ruzagayura ya 1943 hadi 1944. Mzee aliyetaka kueleza umri wake aliweza kusema alizaliwa kabla au baada ya njaa fulani. Si kila njaa ilisababishwa na ukame peke yake. Rumanura ilichochewa na vita na majeshi yaliyopita, na Ruzagayura ilikutana na madai ya utawala wa kikoloni wa Ubelgiji wakati wa Vita ya Pili pamoja na ugonjwa wa viazi. Lakini katika zote kukosekana kwa mvua katika majira yake kulikuwa na sehemu.

Majira yenyewe yana majina manne katika Kinyarwanda. *Umuhindo* ni mvua za Septemba hadi Desemba. *Urugaryi* ni kiangazi kifupi kinachofuata. *Itumba* ni masika, mvua nzito za Machi hadi Mei. Na *impeshyi* ni kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Mkulima aliyetegemea mvua peke yake alikuwa na misimu miwili ya kupanda kilimani, na ikiwa mmoja ulishindwa, *impeshyi* ilimkuta ghala ni tupu. Hapo ndipo kinamasi kilipokuwa na thamani. Katika kiangazi kirefu, kilima kinapokauka, udongo wa bondeni hubaki na unyevu. Wakulima walitengeneza matuta ya juu bondeni, wakapanda viazi vitamu, na kuvuna kabla mvua hazijarudi kufurika. Kinamasi, *igishanga* kwa Kinyarwanda, kilikuwa akiba ya mwaka mbaya.

Utawala wa Ubelgiji uliichukua desturi hiyo na kuigeuza amri. Baada ya njaa ya 1928–1929 wakulima walilazimishwa kulima mazao ya kukinga njaa, hasa muhogo na viazi vitamu, na kulima mabonde yenye unyevu kukawa sehemu ya wajibu uliosimamiwa na machifu. Viboko na faini vilihusika, na kumbukumbu ya shuruti hiyo ni chungu. Hata hivyo, fikra iliyokuwa nyuma yake iliendelea baada ya uhuru wa 1962, kwa kuwa ilikuwa na mantiki. Idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka, kutoka milioni 4.8 katika sensa ya 1978 hadi zaidi ya milioni 7 katika ile ya 1991, na mashamba ya kilimani yaligawanywa kwa warithi mpaka yakawa vipande. Bondeni ndiko kulikobaki nafasi. Serikali na wafadhili waliona kinamasi kisicholimwa kuwa mali iliyolala.

Ni muhimu kusisitiza jambo hili kwa sababu maandishi ya siku hizi kuhusu mazingira humwonyesha aliyelima kinamasi kuwa mharibifu asiyejua alitendalo. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne alikuwa akifanya alichoamriwa, kisha alichoshauriwa, na daima alichohitaji. Kwa msamiati wa leo, kulima kinamasi ilikuwa njia yake ya kuhimili tabianchi.

Kinamasi na mitambo

Rugezi kiko katika wilaya za Burera na Gicumbi, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 6,700. Ni bonde refu lililojaa maji, mafunjo na nyasi zilizooza kwa karne nyingi na kuwa mboji nzito. (Mafunjo kwa Kinyarwanda ni *urufunzo*, na masikio ya mzungumzaji wa Kiswahili hayahitaji mkalimani hapo.) Mboji hiyo hufanya kazi kama sifongo: hunyonya maji ya *itumba* na kuyaachia polepole katika miezi ya ukame. Maji hutoka kinamasini kwa maporomoko yanayoitwa Rusumo, jina lenye maana ya maporomoko tu, ambayo hayapaswi kuchanganywa na Rusumo ya mpakani mwa Tanzania. Kutoka hapo huingia Ziwa Burera. Burera liko juu ya Ziwa Ruhondo kwa kiasi cha mita 100, na maziwa haya mawili yametenganishwa na ukanda mwembamba wa ardhi.

Tofauti hiyo ya kimo iliwavutia wahandisi mapema. Mwaka 1959 kituo cha Ntaruka, chenye uwezo wa megawati 11.25, kilianza kuzalisha umeme kwa maji yanayoshuka kutoka Burera hadi Ruhondo. Mwaka 1982 kikaongezwa kituo cha Mukungwa, megawati 12, kinachotumia maji yatokayo Ruhondo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo hivi viwili ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa mno ya umeme wa maji uliozalishwa ndani ya nchi. Mwingine ulitoka katika mitambo ya pamoja ya mto Rusizi. Hivyo nusu karne nzima taifa lilijenga mambo mawili juu ya kinamasi kimoja. Wizara moja ilikitazama ikaona mashamba. Shirika la umeme lilitazama ziwa lililo chini yake na halikuona kinamasi hata kidogo, kwa kuwa katika hesabu zake maji yalianzia ziwani.

Mifereji ilichimbwa Rugezi, na mashamba yakasogea kutoka kingoni kwenda katikati. Miteremko iliyokizunguka ilikwisha kupoteza miti yake, na kila mvua ilishuka na udongo. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vilipita katika eneo hilo hilo la kaskazini na kuwahamisha watu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, nchi ilikuwa na mamia ya maelfu ya watu waliorejea na waliohitaji mahali pa kulima mara moja. Hakuna serikali ambayo katika hali hiyo ingeweka ulinzi wa mafunjo mbele.

Giza la 2003–2005

Kuanzia mwaka 2003 kina cha Ziwa Burera kilishuka. Ntaruka kilizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na katika miaka miwili iliyofuata mgawo wa umeme ukawa jambo la kawaida mijini. Shirika la umeme la wakati huo, Electrogaz, lilikodi majenereta ya dizeli kwa gharama iliyofikia makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Rwanda haina mafuta na haina bahari. Kila lita ya dizeli hiyo ilisafiri kwa lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Bei ya umeme kwa mtumiaji ilipanda maradufu na zaidi.

Chanzo cha upungufu huo kilichunguzwa, na jibu halikuwa moja. Mvua zilikuwa haba katika miaka hiyo. Uendeshaji na matunzo ya kituo vilikuwa na dosari. Mukungwa kilikuwa kinahitaji maji, na maji yaliachiwa kutoka juu kuliko ziwa lilivyoweza kuyarudisha. Na Rugezi, kilichokaushwa kwa mifereji na kujazwa udongo wa vilima, hakikuweza tena kuhifadhi maji ya masika mpaka kiangazi. Sababu hizi nne hazikuwa na uzito sawa, na wataalamu hawakukubaliana juu ya uzito wa kila moja. Lakini kwa serikali ilikuwa rahisi zaidi kuishughulikia ile ya nne. Mvua haitii amri, na kurekebisha mitambo huhitaji fedha na muda. Kinamasi kingeweza kufungwa kwa sheria.

Hapo ndipo ilipo nukta muhimu ya historia hii. Wanaikolojia walikwisha kusema kuwa Rugezi ni makazi ya ndege adimu, wakiwamo korongo wenye taji. Hoja hiyo haikusimamisha jembe hata moja. Kilichosimamisha majembe ni kinamasi kuingia katika hesabu za fedha. Mara ilipoonekana kwamba kila mfereji bondeni ulikuwa na bei yake katika dizeli, Rugezi kilihama kutoka orodha ya mashamba kwenda orodha ya mitambo. Tangu siku hiyo kimelindwa kama sehemu ya kituo cha umeme.

Sheria na asiye na hati

Sheria mbili za mwaka 2005 ziliweka msingi. Sheria ya mazingira ya tarehe 8 Aprili 2005 iliagiza kuwa kilimo kiwe umbali wa mita 10 kutoka kingo za mito na mita 50 kutoka kingo za maziwa, na ikaweka masharti juu ya matumizi ya vinamasi. Sheria ya ardhi ya Julai mwaka huo ilitamka kuwa ardhi ya vinamasi ni mali ya dola na haiwezi kumilikishwa mtu binafsi moja kwa moja. Mwaka uliofuata iliundwa mamlaka ya usimamizi wa mazingira, REMA, na Rwanda ikajiunga na Mkataba wa Ramsar ambamo Rugezi pamoja na maziwa ya Burera na Ruhondo yaliorodheshwa.

Katika sheria hizi mbili ile ya ardhi ndiyo iliyokuwa na makali kwa mkulima. Baadaye, kati ya 2009 na 2013, Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, kazi ambayo nchi jirani bado zinaitazama kwa wivu. Mwenye shamba kilimani alipata hati. Aliyelima tuta la viazi Rugezi, hata kama baba yake alilima hapo kwa amri ya chifu, hakuwa na kitu cha kusajili, kwa kuwa alikuwa amelima mali ya dola. Alipoondolewa, kilichopotea hakikuwa na jina katika daftari, na kisicho na jina daftarini hakina fidia.

Serikali haikuwaacha watu mikono mitupu. Matuta ya kukinga mmomonyoko yalijengwa vilimani, majani ya malisho yalipandwa kuzunguka kinamasi, mianzi na miti iliwekwa, ufugaji wa nyuki na majiko yanayotumia kuni chache vilihimizwa. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa kwa *umuganda*, siku ya kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Miaka michache baadaye maji yalirudi ziwani na mitambo ya Ntaruka ikarudia kazi. Mwaka 2010 Rais Paul Kagame alipewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa sababu ya kurejeshwa kwa Rugezi, Burera na Ruhondo.

Mafanikio hayo ni ya kweli na hayapaswi kubezwa. Ni mifano michache barani Afrika ambapo ardhi oevu ya ukubwa huo imerudishiwa uhai ndani ya muongo mmoja. Lakini majani ya malisho humfaa mwenye ng'ombe, mizinga ya nyuki humfaa mwenye mahali pa kuitundika, na aliyekuwa na tuta la bondeni tu alikuwa, kwa kawaida, ndiye asiye na kimojawapo. Tena, alichopoteza hakikuwa mavuno ya mwaka mzuri. Katika mwaka mzuri kilima hutosha. Alipoteza mavuno ya mwaka mbaya, ule ule ambao sera ya tabianchi imeandikwa kwa ajili yake.

Mkakati na fedha zake

Yaliyofuata yanajulikana zaidi na yanaweza kutajwa kwa ufupi. Mkakati wa 2011 ulitaja ongezeko la joto la nyuzi 1.4 za Selsiasi nchini tangu 1970, na ukaweka lengo la uchumi usiochafua hewa ifikapo 2050. FONERWA iliupa mkakati huo mkoba, kwa msaada wa awali wa Uingereza. Mei 2020 Rwanda iliwasilisha ahadi zake mpya chini ya Mkataba wa Paris: kupunguza utoaji wa gesijoto kwa asilimia 38 ifikapo 2030 ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo pasipo hatua, asilimia 16 kwa nguvu zake na 22 kwa sharti la msaada wa nje, gharama yote ikikadiriwa kuwa dola bilioni 11. Desemba 2022 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuidhinishiwa fedha za dirisha jipya la ustahimilivu la Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 319.

Msomaji atagundua kwamba lugha ya hatua hizi zote ni lugha ya hesabu, na kwamba ilijifunzwa Rugezi. Nchi iliyokwisha kuona kinamasi kikigeuka kuwa bili ya dizeli haikupata taabu kuzungumza na wafadhili kuhusu gharama za kutochukua hatua. Hii ndiyo nguvu ya Rwanda katika diplomasia ya tabianchi, na maelezo yanayoihusisha na nidhamu ya kiutawala peke yake hayatoshelezi. Mbinu yenyewe imeendelea kutumika. Mwishoni mwa 2019 wakazi na wenye biashara waliondolewa kutoka vinamasi vya Kigali, na mwaka 2022 bustani ya Nyandungu ilifunguliwa mahali palipokuwa bonde lililoharibiwa. Suala la nani alistahili fidia lilizuka tena, na jibu likategemea tena hati.

Sebeya, Mei 2023

Hesabu hizo zina mpaka wake, na mpaka huo ulionekana magharibi. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Miradi ya ufugaji iliukata, na baada ya 1994 waliorejea waliupata kuwa ardhi pekee iliyo wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliobaki ulikuwa hekta mia kadhaa tu. Sehemu iliyosalia iliunganishwa baadaye na Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Lakini chini ya Gishwati hapakuwa na Ntaruka. Uharibifu wake haukuizima Kigali, na kazi ya kuurejesha ilikwenda kwa mwendo wa miradi.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa za *itumba* ziliangukia majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Mto Sebeya, unaokusanya maji ya miteremko ya eneo la Gishwati, ulifurika Rubavu. Zaidi ya watu 130 walikufa nchini kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi, wengi wao wakiwa wamelala, na zaidi ya nyumba 5,000 zilibomoka. Mvua ya aina hiyo ingeleta madhara hata penye msitu. Hata hivyo, ni vigumu kuutazama mteremko ulio juu ya Sebeya bila kuulinganisha na ule ulio juu ya Burera, na kuuliza ni kwa nini mmoja ulipata sheria, ukanda na ulinzi mapema, na mwingine ukasubiri. Tofauti haikuwa katika elimu ya wataalamu. Ilikuwa katika nani aliyekaa mwisho wa mto: shirika la umeme au wakazi wa bondeni.

Neno linalomfikia mkulima

Hati nyingi za sera zilizotajwa hapo juu zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kinyarwanda, lugha ya karibu kila mwananchi, mabadiliko ya tabianchi huitwa *imihindagurikire y'ibihe*. Istilahi hii ni nzuri kwa masikio na ina tatizo moja la maana. Kitenzi chake, *guhindagurika*, hakimaanishi kubadilika tu. Ni kubadilikabadilika, kugeuka mara kwa mara. *Ibihe* ni nyakati, majira, na pia hali ya anga. Kwa hiyo anachosikia mkulima ni kwamba majira yanageukageuka. Hilo yeye analijua tangu Rwakayihura. Dai la sayansi ni jingine: kwamba mwelekeo ni mmoja, na kwamba majira ya zamani hayatarudi. Istilahi inalibeba geni ndani ya la zamani, na mkulima ana haki ya kujibu kuwa kwa majira yanayogeukageuka dawa yake ilikuwa tuta la bondeni.

Kiswahili kimekwenda njia tofauti. *Tabianchi*, iliyofupishwa kutoka tabia ya nchi, ilitoka katika vitabu vya jiografia vya shule ikaingia katika sera za Tanzania na Kenya. Inasema kwamba nchi yenyewe imebadilika tabia, dai zito na lililo karibu zaidi na sayansi. Udhaifu wake ni kwamba asiyepita darasani huisikia kama neno la mkutanoni, na ndiyo maana watangazaji wengi hurudi kwenye *hali ya hewa*, ambayo ni ya wiki hii na wiki ijayo. Kisha lipo neno *ustahimilivu*. Linatumika kwa majengo, kwa uchumi na kwa watu, lakini katika Kiswahili cha kila siku anayestahimili ni yule anayevumilia mzigo bila kulalamika. Mpanga sera anaposema jamii ya Rugezi imejengewa ustahimilivu, Kiswahili kinasema zaidi ya alivyokusudia.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpaka sasa mjadala wa matumizi yake umejikita katika shule, utalii na biashara. Mto una hoja yake. Maji ya Rugezi hayaishii Ruhondo. Hushuka kwa Mukungwa hadi Nyabarongo, kisha Akagera, na kuwa mpaka wa Rwanda na Tanzania kabla ya kumwagika Ziwa Viktoria. Katika maporomoko ya Rusumo ya mpakani kimejengwa kituo cha megawati 80 ambazo Rwanda, Burundi na Tanzania zinagawana sawa. Kituo hicho kinategemea vinamasi na miteremko ya juu kama Ntaruka kinavyoitegemea Rugezi, ila safari hii anayeketi mwisho wa mto ni mataifa matatu, na atakayeombwa kuacha kulima bondeni huenda yuko katika nchi moja huku taa zikiwaka katika nyingine.

Mipango ya bonde hilo imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mkataba wa Jumuiya wa 1999, katika ibara ya 137, ulikiweka Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa. Kati ya mkulima wa Burera, wa Kirundo na wa Ngara ndiyo lugha pekee rasmi, tofauti na zile mbili za mipango, ambayo wote watatu wanaweza kukutania. Kazi ambayo wanaistilahi wa Kamisheni ya Kiswahili na wa vyuo vya kanda wanaweza kuianza ni ndogo na mahususi: orodha ya maneno ya bonde la Akagera, ikiwa na *igishanga*, *impeshyi* na tuta la kiangazi pamoja na visawe vyake vya Kirundi, Kihangaza na Kiswahili, na ikieleza kwa kila neno ni matumizi gani ya ardhi yanayotajwa na ni nani anayeyatumia. Fidia ya kwanza chini ya mradi wowote wa mto itakapojadiliwa, orodha hiyo itakuwa mahali ambapo tuta la mwaka mbaya limeandikwa kwa jina lake.